Mita 200 za ndani zirudishwe mashindano ya dunia au basi tena?

Wadau wa riadha naombeni tulijadili hili, maana kila msimu wa mbio za ndani, zile za ukumbini, ukifika linaniuma upya. Mita 200 iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia wa ndani baada ya Budapest 2004, sababu ni kwamba leni (njia) za upande wa ndani zinamuonea mkimbiaji. Na ni kweli, hilo sibishi. Uwanja wa ndani mzunguko mzima ni mita 200 tu, kona zimejikunja mpaka inabidi zinyanyuliwe upande wa nje ili mtu asitupwe. Mcheki aliyeko leni ya 1 anavyoingia kona ya kwanza, bega la kushoto limelala, hatua zinakatika, anahangaika asije akakanyaga mstari wa jirani, wakati yule wa leni ya 6 anaanzia juu kabisa kwenye mwinuko halafu anashuka nao ameachia miguu. Bastola haijalia na we unajua medali inakwenda upande gani.

Sasa dawa ndo kufuta mbio nzima jamani?

Kuna wanaosema mbona 400 ipo na uwanja ni huohuo. Hapo tuwe wakweli, kwenye 400 wanabanwa na leni kona mbili za mwanzo tu kisha wote wanahamia leni ya 1, kwenye 200 hizo kona mbili ndo mbio yenyewe. Wengine wanasema mita 60 inatosha. Inatosha kwa nani? 60 ni mbio ya mtu wa kutoka haraka, kama Mmarekani Christian Coleman na sekunde 6.34 zake za 2018 pale Albuquerque, heshima yake. Ila mtu wa 200 akija ndani anaenda wapi? Ubingwa wa dunia wa ndani Glasgow 2024, Noah Lyles, bingwa wa dunia wa 200 mara tatu mfululizo, ikabidi aingie 60, akawa wa pili nyuma ya huyohuyo Coleman, 6.44 kwa 6.41. Mbio yake mwenyewe haikuwepo!

Vyuo vya Marekani wanaikimbia mpaka leo, fainali wanaigawa makundi mawili halafu wanaangalia muda. Hiyo siipendi, unakuwaje bingwa kwa kumshinda mtu ambaye hukusimama naye kwenye mstari. Mi nataka fainali ya watu wanne, leni ya 3 mpaka ya 6, za 1 na 2 zikae tupu. Najua mchujo utakuwa mkali na raundi zitaongezeka, ziongezeke tu.

Frankie Fredericks wa Namibia alikimbia 19.92 ndani, Liévin Ufaransa 1996, ndo mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 20 ukumbini. Mbio yenye historia hiyo ndo imebaki haina ubingwa wa dunia.

Mnaopinga nijibuni hili moja tu, leni ya 1 na 2 zikiachwa tupu, hapo anaonewa nani?