Bima ya afya kwa wote itapandisha au itashusha gharama za matibabu za taifa?

Mleta mada: Tangu Tanzania ipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tunaambiwa bima inapunguza gharama. Inampunguzia mgonjwa, sawa. Kwa taifa naona kinyume. Jaribio la RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, 1974 hadi 1982, lilipangia familia bima kwa bahati nasibu: wengine walitibiwa bure, wengine walilipa hadi asilimia 95 ya bili mpaka kufikia kikomo cha mwaka. Waliochangia sana walitumia pungufu kwa takriban asilimia 30, na kwa wastani afya zao hazikupishana sana na za wenzao. Mgonjwa achangie kidogo dirishani.

Mchangiaji 1: Mkuu, wastani huo unaficha watu. Katika jaribio hilohilo, maskini wenye shinikizo la juu la damu walidhibitiwa vizuri zaidi walipotibiwa bure. Tena waliolipa waliacha huduma zenye manufaa karibu sawa na zisizo na manufaa. Mgonjwa hajui kipimo kipi ni cha lazima. Anayejua ni daktari anayejaza fomu ya bima.

Mchangiaji 2: RAND ilipima familia chache katika maeneo ambayo hospitali hazikuwa na sababu ya kubadilika. Nchi nzima ikikatiwa bima, hospitali nazo hubadilika. Mchumi Amy Finkelstein alichunguza Medicare, bima ya wazee iliyoanzishwa Marekani 1965, akakadiria kwamba hadi 1970 ilikuwa imepandisha fedha zinazotumika hospitalini kwa asilimia 37, mara kadhaa ya ambavyo RAND ingetabiri. Malipo ya uhakika hujenga wodi na kununua mashine, na mashine ikishafungwa lazima ipate wagonjwa. Hapo ndipo pa kutazama, si kwa mama anayempeleka mtoto mwenye homa.

Kituo kikilipwa kwa kila huduma, kikohozi cha siku tatu kinazaa picha kamili ya damu, eksirei na antibayotiki, kwa sababu kila mstari wa fomu ni fedha. Thailand mwaka 2002 ilikwepa mtego huo. Wagonjwa wa nje walilipiwa kwa kichwa: kituo kinapewa kiasi maalumu kwa mwaka kwa kila aliyesajiliwa. Waliolazwa walilipiwa kiasi kilichopangwa kwa kila kundi la ugonjwa, ndani ya bajeti yenye ukomo. Mgonjwa alichangia baht 30 tu.

Mleta mada: Kulipa kwa kichwa nako kuna ubaya wake. Kituo kinafaidika kwa kumnyima mgonjwa dawa, au kwa kumwandikia rufaa haraka ili gharama ihamie hospitali ya juu.

Mchangiaji 2: Kweli, ndiyo maana rufaa zihesabiwe kwa kila kituo, na zinazozidi zikatwe kwenye malipo yake.

Mchangiaji 1: Na usajili uwe wa kaya nzima. Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiari. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa ndiye anayekimbilia kadi ya namna hiyo, mwenye mtoto mzima anasubiri. Mfuko wa hivyo utazidiwa hata daktari asipoandika kipimo kimoja cha ziada.