Naomba ushauri: kingo za plastiki za bustani zimeinuka, na Desemba ndiyo hii

MtuWaMigomba
Habari zenu wakuu. Nipo Dar ila nyumbani ni Marangu, na huko ndiko liliko tatizo. Nina kanyumba nimejenga kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, mwaka huu nikasema nipendezeshe. Njia ya kutoka barazani hadi barabarani, mita kama 35, huku na huku maua, katikati kokoto. Nikazungushia zile kingo nyeusi za plastiki zinazokuja kwenye rola, mita 10 kila rola, kimo sentimita 15. Kijana alizifunga mwezi wa tisa na picha aliyonitumia ilikuwa safi kabisa. Sasa vuli imeanza, naambiwa zimejikunja kama nyoka, maungio yameachia na kokoto zimehamia kwenye maua. Ukoo mzima unakuja Krismasi. Nifanyeje zikae? Naomba majibu ya kifundi, porojo hapana.

ngosha_wa_ziwa
Uzi wa bustani bila picha ni ugali bila mboga.

FundiChepeo
Kujikunja huko ni joto na mtaro mfupi, nimeona sana. Plastiki hiyo inarefuka. Mita 10 zikiongezewa joto la nyuzi 20 zinakua sentimita 2 hadi 4, na kama ncha zote mbili umezibana haina pa kwenda ila juu. Ng'oa zote. Anika rola juani mpaka ilegee ndipo uitandaze. Chimba mtaro wa kweli, sentimita 12 hivi, zibaki 3 tu juu ya ardhi. Vigingi kila hatua moja, kwenye kona kila nusu hatua. Kwenye maungio laza kipande juu ya kipande, usikutanishe ncha kwa ncha. Halafu rudisha udongo kidogo kidogo pande zote mbili, kila tabaka unashindilia. Vijana wengi wanamwaga wote kwa mkupuo, wanakanyaga na kandambili, wanapiga picha, wanaomba hela.
Swali: hapo pana mteremko? Maji yanapita wapi?

MtuWaMigomba
Asante sana fundi, majibu kama haya ndiyo nayataka. Mteremko upo kidogo. Maji hayana shida.

FundiChepeo
Marangu, mteremko kidogo. Haya.

BiTausi
Mwanangu hizo plastiki za nini? Mimi nipo Tanga, bustani yangu nimezungushia chupa, nimezifukia shingo chini, matako juu, zinang'aa jua likipiga. Nina miaka kumi na moja sijagusa. Tatizo lilikuwa moja, marehemu mume wangu ndiye aliyezileta, na nyingi zilikuwa za bia. Siku shehe amekuja kutusomea dua akasimama pale njiani akaziangalia weee, mwisho akasema, "Hii njia imegharimu." Nilitamani ardhi ipasuke. Ila bustani ilipendeza.

mnyalu_mpole
BiTausi umeniua 😂😂

MwanaPwani
Huku Mombasa twatumia mawe ya matumbawe, wayapanga tu kando ya njia na huna haja ya kigingi wala nini. Hiyo plastiki ikikaa juani miaka mitatu minne yaanza kupasuka kama ganda la yai. Nyeusi ina afadhali, ule weusi wazuia jua. Za kijani ndizo za kuogopwa.

Dadisi_2
Kumbe plastiki bado zinaruhusiwa? Si zilipigwa marufuku 1 Juni 2019?

FundiChepeo
Mifuko ya kubebea, mkuu. Ndoo unaogea ya nini, udongo?

Dadisi_2
Nimeuliza tu jamani.

MkaaziWaRombo
Mleta mada, narudia swali la fundi kwa sababu umelikwepa. Kihamba cha Marangu hakikosi maji ya kupita. Hapo pana mfongo, ule mfereji wa maji?

MtuWaMigomba
Kulikuwa na kamfereji kadogo zamani. Siku hizi hakana maji ila mvua ikinyesha. Kijana alikafukia kidogo njia ipite vizuri.

FundiChepeo
Basi umejenga bwawa, si bustani. Ukingo wa plastiki ukikaa mkingamo wa mteremko ni ukuta. Maji yanajaa nyuma yake, yanalainisha udongo, vigingi vinalegea, plastiki inaelea. Hata ningekuja mimi na mtaro wangu wa sentimita 12 ungeinuka tu. Fukua mfereji. Pale unapokatiza njia weka bomba chini au acha pengo la nusu mita, upange mawe. Na kote kunakobaki toboa matundu kila baada ya mita mbili.

MtuWaMigomba
Matundu sawa. Pengo hapana, litaharibu mstari. Nilitaka mstari mmoja ulionyooka kutoka baraza hadi barabara.

MkaaziWaRombo
Unyooke kwa nini? Njia za kihamba huwa zinapinda kwa sababu zimekuta vitu. Hapo ulipoweka plastiki, kabla yake palikuwa na nini?

MtuWaMigomba
Majani tu.

MkaaziWaRombo
Majani gani?

mnyalu_mpole
Nimekaa mkao wa kula hapa.

MkaaziWaRombo
Mangi, majani gani?

MtuWaMigomba
Masale.
Lakini msiruke kabla sijamaliza. Ni upande mmoja tu, kama mita 20, upande wa kushoto ukitoka barabarani. Yalikuwa yamezeeka, yamesongamana, mengine yamelalia njia, na nyoka wanajificha humo. Kiwanja ni changu, marehemu baba alinionyesha mwenyewe. Nimepima kwa simu, mpaka unapita palepale. Sijachukua hata shubiri ya mtu. Nimebadilisha alama tu, palipokuwa na majani pana plastiki.

MkaaziWaRombo
Lahaula. Na upande wa pili wa hayo masale anakaa nani?

MtuWaMigomba
Baba mdogo.

ngosha_wa_ziwa
Wakuu wa kaskazini mtufafanulie sisi wa ziwani, hayo masale ni dhahabu au?

MekuWaKirua
Nitakufafanulia kijana. Sale ni mmea mrefu wenye majani membamba, mtaalamu atauita drasena. Kwetu ndiyo mpaka. Babu akigawa kihamba anachomeka sale, na mtu mwenye akili timamu haling'oi. Tunalipanda pia penye kaburi. Na mtu akikukosea akaja na jani la sale mkononi, kumkatalia ni kazi nzito sana, hata kama amekuulia ng'ombe. Sasa huyu kijana ameng'oa kitu kimoja chenye kazi tatu, akaweka plastiki.

Wakili_wa_Mtaani
Kisheria: hiyo ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Ikizuka ngoma mnaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake. Wanapatanisha. Na kipimo cha simu usikipeleke kule watakucheka. Simu inakosea mita kadhaa hata uwanjani, sembuse chini ya migomba. Masale ya babu yako ni ushahidi bora kuliko simu yako, na umeyang'oa wewe mwenyewe kwa hela yako.

BiTausi
Mimi baba mkwe wangu alisogeza mchongoma hatua mbili mwaka 1984. Hadi leo watoto wa nyumba zile mbili hawapeani chumvi. Mchongoma! Wala haukuwa na maana yoyote, ulikuwa mchongoma tu.

MtuWaMigomba
Wakuu nimeuliza plastiki. Masale nimeshang'oa, siwezi kurudisha jana. Ninachotaka ni zikae vizuri kabla ya tarehe 20, watu wakifika waone kitu kilichonyooka, wataelewa nia yangu ilikuwa nini.

mnyalu_mpole
Baba mdogo ameshaona?

MtuWaMigomba
Alinipigia wiki iliyopita. Hakugomba. Aliuliza, "Umeyapeleka wapi?" Nikamwambia kijana ameyatupa nyuma ya banda la ng'ombe. Akasema "haya," akakata. Tangu hapo hapokei simu. Mama anasema niache, atapoa. Lakini mama naye sauti yake siyo ile.

MkaaziWaRombo
Hilo ndilo lingekuwa la kwanza kwenye uzi wako. Umetupitisha kwenye kokoto na vigingi siku mbili nzima.

mnyalu_mpole
"Umeyapeleka wapi." Nimesisimka mwili.

ngosha_wa_ziwa
Samahani naomba niwaharibie sherehe. Nimepita kwenye nyuzi za zamani za mleta mada. Mwezi wa nne aliweka tangazo: "Kingo za plastiki za bustani, rola mita 10, zipo rola 18, Dar, mikoani tunatuma." Leo ana hadithi ya plastiki hizohizo, na baba mdogo mwenye sauti ya huzuni. Hii ni CHAI wakuu, hadithi ya kutunga. Chai ya maziwa. Anatafuta wateja.

Dadisi_2
Nilijua. Nani anaingia mtandaoni na kimo cha sentimita 15 mdomoni kama siyo muuzaji?

mnyalu_mpole
Nirudishieni msisimko wangu.

Wakili_wa_Mtaani
Kama ni tangazo basi ni baya kuliko yote niliyowahi kuona. Bidhaa imejikunja, imeelea, imemgombanisha na ukoo. Nani atanunua?

MwanaPwani
Hilo neno. Mwenye kuuza chungu hasemi chavuja.

FundiChepeo
Chai au siyo chai, mfereji ufukuliwe. Sijaandika yote yale bure.

MtuWaMigomba
Ngosha, tangazo ni langu, silikatai. Nilichukua rola 18 kwa jamaa aliyekuwa anafunga duka, nikaona nitauza haraka, Dar watu wanajenga. Nikauza mbili. Zilizobaki zikakaa chumbani kwa watoto chini ya kitanda mpaka mke wangu akasema aidha zitoke hizo au nitoke nazo. Mita 35 pande mbili ni 70, rola saba. Nikazipeleka nyumbani. Sasa mmejua. Bustani ilikuja baada ya plastiki.
Wa kuamini aamini. Picha siweki, mama yangu yumo humu ndani, hamjui ni yeye.

BiTausi
Siyo mimi jamani, mimi ni wa Tanga.

ngosha_wa_ziwa
Na njia iliyonyooka?

MtuWaMigomba
Rola zinalala vizuri zikinyooka. Kupinda kunataka vigingi vingi, na vigingi vilikuwa vimebaki vichache.

FundiChepeo
Vigingi ulivitenga kila baada ya umbali gani?

MtuWaMigomba
Mita mbili na nusu.

FundiChepeo
Mungu wangu.

MekuWaKirua
Nyamazeni kidogo. Kijana, nakuuliza kama mtu mzima, iwe chai iwe maji. Hayo masale yaliyotupwa yana muda gani?

MtuWaMigomba
Tangu mwezi wa tisa, meku. Miezi miwili na kitu.

MekuWaKirua
Sale halifi upesi. Shina lake ukilikata vipande ukachomeka kwenye udongo wenye maji linaota, na vuli hii ndiyo imekuja. Mpigie mama aende nyuma ya banda achungulie. Halafu usisubiri tarehe 20. Panda basi Ijumaa, Jumamosi asubuhi uwe kwa baba yako mdogo, usiende peke yako, tafuta mzee wa ukoo akutangulie. Chukua jani la sale. Mbege iwepo. Usizungumze habari ya simu wala mpaka. Mtapanda pamoja, yeye ndiye aonyeshe mahali. Akisema hapa, ni hapa.

MtuWaMigomba
Na akionyesha ndani ya upande wangu?

MekuWaKirua
Unachomeka.

Wakili_wa_Mtaani
Kisheria ningesema mashahidi wawepo na pawe na karatasi.

MekuWaKirua
Mashahidi watakuwepo, wanakunywa mbege.

MtuWaMigomba
Ila plastiki inaweza kubaki? Masale yakae kwa nyuma, plastiki mbele yake kwa upande wangu. Zitapendezeana, kijani na nyeusi.

MkaaziWaRombo
Huyu mtu ni wa kweli. Hakuna anayeweza kumtunga.

FundiChepeo
Upande wa kulia weka utakavyo, kwa vigingi vya kila hatua moja. Upande wa masale toa. Mizizi itaisukuma hiyo plastiki nje, na mfongo unapita hapohapo. Nakuandikia kama fundi, ya ukoo sijui.

MtuWaMigomba
Mama amekwenda nyuma ya banda saa hizi. Anasema mengi yameoza chini, lakini yaliyokuwa juu ya lundo bado mabichi, na mawili yametoa chipukizi yakiwa yamelala vilevile. Amesema pia kwamba kuna mengine hayapo. Anahisi baba mdogo alikuja akachukua.

mnyalu_mpole
Msisimko umerudi.

MekuWaKirua
Basi kazi yako imeshaanza kufanywa na mwingine. Kata tiketi.

Dadisi_2
Samahani kutoka nje ya mada. Hizo rola tisa zilizobaki unauzaje?

ngosha_wa_ziwa
NILISEMA MIMI.

MtuWaMigomba
Nitafute nikirudi Jumatatu. Vigingi ujitafutie.