Oveni haipati moto: nitengeneze, ninunue jiko jipya la umeme, au nihamie gesi?

BintiFuoni (Jumatatu usiku)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, kwa sababu nimeshapokea oda za mikate ya sinia na keki, na siwezi kuendelea kuwazungusha wateja. Jiko langu la umeme lina miaka minne, na tangu wiki iliyopita oveni yake haipati moto kama ipasavyo: keki ya dakika arubaini hukaa saa nzima na nusu, juu imeshaiva na chini bado uji. Fundi aliyekuja kulitazama anataka shilingi 150,000 abadilishe koili zote. Sokoni Darajani, hapa Unguja, nimeona jiko jipya la pleti nne na oveni kwa laki tisa na nusu. Dada yangu naye kanishikilia nihamie gesi. Mwenye uzoefu anieleze lipi lina manufaa zaidi.

FundiMlandege

Waalaykumu salaam, dada. Umetutajia bei lakini ugonjwa wenyewe hujautaja, na bila ya kuujua kila atakayekujibu atakuwa anabahatisha. Ukiwasha oveni, koili ya juu inageuka nyekundu? Ya chini je? Pleti zote nne za juu zinapata moto? Breka inashuka, na ikishuka ni ya jikoni peke yake au ile kubwa ya nyumba nzima? La muhimu kuliko yote, jiko limeungwa vipi ukutani: lina swichi yake kubwa, au limechomekwa kwenye soketi ya kawaida kama pasi? Nyuma ya jiko kuna kibao kidogo cha bati kilichoandikwa wati, kisome utuandikie. Na huyo aliyetaka 150,000, alipima kwa mita au alitazama kwa macho tu?

MpishiBububu

Mimi, dada yangu, nisingesubiri majibu ya yote hayo. Ningehamia gesi leo. Walio wadogo humu huenda hawakumbuki, lakini Mei 2008 Unguja tulikaa takriban mwezi mzima bila ya umeme, kisha tukakaa tena gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati huo nilikuwa napika biskuti za kuuza kwa jiko la umeme kama wewe. Nilipoteza wateja wote, na waliokuja kurudi hawakufika nusu. Mtungi wa kilo 15 uko ndani kwangu na wa kilo 6 uko akiba, na mvua inyeshe, umeme ukatike, mimi napika. Jiko la gesi halina koili ya kuungua wala halihitaji fundi wa kila msimu.

MaalimFizikia

Bi Bububu, machungu ya miaka ile tunayajua sote, ila hali ya leo si ile tena. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Sisemi kwamba umeme haukatiki, ila sidhani kwamba mtu achague jiko kwa hofu ya mwaka 2009.

Ninalotaka BintiFuoni alichunguze ni nguvu ya umeme wenyewe. Jiko limetengenezwa kwa volti 230, na moto wa koili haupungui sawasawa na volti, bali hupungua kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka hadi 190, koili ya wati 2,000 hubaki na kiasi cha wati 1,365 tu, yaani karibu thuluthi moja ya moto imepotea na hakuna kilichoharibika. Mwezi wa Ramadhani, baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, mtaa mzima unapika futari, na hapo ndipo watu wengi huona oveni "imechoka". Pima volti kwenye soketi asubuhi, upime tena jioni. Ikiwa ugonjwa ni huo, hata jiko la laki tisa na nusu litakufanyia vilevile.

MwanaWete

Salaam kutoka Pemba. Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu yanafanana na haya na yaliniuma sana.

Tulikuwa na jiko la umeme la mitumba, zuri, zito, lililotoka Uingereza. Oveni yake ilianza kuzima kabla haijafika moto unaotakiwa. Tukamwita fundi mmoja, jina lake silitaji. Alifungua nyuma, akachungulia, akasema thamostati imekufa na ya jiko kama lile haipatikani hapa kisiwani, mpaka iagizwe. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imebaki siku nne. Basi akasema atatusaidia: akazitoa nyaya mbili za thamostati, akaziunga moja kwa moja, akazifunga kwa tepu nyeusi, akapokea pesa yake akaondoka. Kweli oveni ikawaka, na sisi tukafurahi.

Hatukufahamu kwamba kuanzia hapo oveni haina wa kuiambia basi. Thamostati ndiyo inayokata umeme moto ukifika kiwango ulichochagua, na ikishapoa kidogo huurudisha. Ukiitoa njiani, koili inawaka bila ya kikomo. Mama alitia sinia ya kwanza ya biskuti, akazitazama kwa muda ule aliouzoea, akakuta nyeusi tititi. Akapunguza namba kwenye kitufe, akidhani amekosea yeye, akatia ya pili. Kitufe kilikuwa kinazunguka tu, hakikushikana na kitu. Katika sinia ya tatu kioo cha mlango kilipasuka kwa mlio, vipande vikamwagika mpaka chini ya meza, na nyuma ya jiko moshi ukaanza kutoka, kwa sababu ile tepu ilikuwa imeyeyuka ikashikana na bati. Alhamdulillahi kaka yangu alikuwa karibu na breka. Biskuti za harusi tulizipika kwa jirani usiku kucha, na mama mpaka leo hataki kuisogelea oveni ya umeme, hata ya mtu mwingine.

Dada yangu, ukitengeneza, tengeneza. Mtu akikwambia "nitaiunga moja kwa moja", mlipe nauli yake aende zake.

BintiFuoni

Nawashukuru nyote. Pole sana MwanaWete, na mfikishie mama salaam zangu.

Fundi, nimefanya ulivyoniagiza. Koili ya juu inakuwa nyekundu vizuri, ya chini ni nyeusi muda wote. Pleti tatu zinapata moto, moja ndogo haipati. Kibao cha nyuma kimeandikwa wati 6,800. Breka ya jikoni hushuka nikiwasha oveni pamoja na pleti mbili, lakini nilidhani ni kawaida. Jiko limechomekwa kwenye soketi ya kawaida kwa plagi ya pini tatu, na ndivyo lilivyo tangu siku ya kwanza. Nilipoichomoa plagi leo nimeona pini moja imegeuka rangi ya kahawia na plastiki iliyoizunguka imelainika, imeingia ndani kama nta. Tundu la soketi upande huohuo limevimba. Yule fundi hakupima kwa mita; alitumia bisibisi ya tesa tu. Volti alizipima mtoto wa jirani: asubuhi 228, saa kumi na moja jioni 204.

FundiMlandege

Dada yangu, kabla ya lolote, plagi hiyo usiirudishe ukutani, si leo wala kesho.

Wati 6,800 kwa volti 230 ni karibu ampea 30, ilhali plagi ya pini tatu imewekewa ampea 13, sawa na wati 3,000 hivi. Kwa miaka minne umekuwa ukimtwika punda mmoja mzigo wa punda wawili na zaidi. Ifungue plagi uitazame fyuzi yake, kwa sababu naogopa utakuta imewekwa kipande cha waya badala yake. Fyuzi ya haki ingekuwa imeshaungua zamani. Jiko la namna hiyo linataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka ya ampea 32, wenye unene wa milimita za mraba 6, na swichi yake kubwa ukutani. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita 2.5.

Kuhusu oveni, umeshajijibu mwenyewe. Keki imeiva juu na chini ni uji kwa sababu koili ya chini haiwaki kabisa. Volti 204 zinapunguza moto, ndiyo, Maalim kasema kweli, lakini haziwezi kuizima koili moja na kuiacha nyingine. Kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha zote. Breka ishushwe, jiko lichomolewe, bati la nyuma lifunguliwe, na nyaya za koili ya chini zitolewe. Koili ya wati 2,000 iliyo hai huonyesha ukinzani wa kama omu 26 kwenye mita. Mita isipoonyesha njia yoyote, koili imekatika. Lakini kabla ya kupima zitazameni ncha za nyaya. Hapa kwetu hewa ni ya chumvi, na mara nyingi nimekuta koili nzima kabisa ila kile kikonyo cha kuungia kimeliwa na kutu, kimelegea na kuungua mpaka kimekuwa unga. Hapo kazi ni kukata ncha, kuweka kikonyo kipya na waya unaostahamili joto, basi. Ile pleti ndogo ipimwe vivyo hivyo: ya wati 1,000 ionyeshe kama omu 53, na ikiwa ni nzima basi tatizo liko kwenye swichi yake.

MpishiBububu

Hesabu zote hizi mpya, waya mpya, breka mpya, bado mnamwambia asihamie gesi? Kuvuta waya mpya kutoka kwenye breka si bure. Jumlisha na hizo koili, utakuta jiko la gesi lingeshanunuliwa.

MwanaWete

Bi Bububu, nakuheshimu, ila hapa anayepika ni wa mkate wa sinia. Mkate huo tangu kwa bibi zetu unataka moto juu na chini, ndiyo maana ukipaliwa makaa juu ya kifuniko. Oveni nyingi za gesi za bei ya kawaida zina moto wa chini tu. Mkate unaiva, lakini uso unabaki mweupe, na mteja akiona uso mweupe anauliza kama umepikwa jana. Kuna zile zenye gesi juu na oveni ya umeme ndani. Hizo naziona afadhali, maana umeme ukikatika bado chai na wali vinapikika.

MpishiBububu

Mikate yangu uso haubaki mweupe. Unapandisha sinia juu kabisa dakika za mwisho.

MaalimFizikia

Hata hilo la gesi juu na oveni ya umeme, dada, soma kibao chake kwanza. Mengi oveni yake haizidi wati 3,000, kwa hiyo soketi nzima yenye fyuzi ya haki inaweza kulibeba, ilimradi kusiwe na kitu kingine juu yake. Na ulizieni waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za mitaani soketi ina matundu matatu lakini lile la juu halikuungwa na kitu. Jiko ni bati tupu, mpishi ana mikono ya maji na miguu iko juu ya sakafu ya saruji. Koili ikivuja, njia ya umeme kwenda ardhini ni yeye.

BintiFuoni (Alhamisi asubuhi)

Ndugu zangu, jana alikuja fundi mwingine mwenye mita. Kwenye plagi kweli hakukuwa na fyuzi. Kulikuwa na nyuzi za shaba zimeviringishwa, nyeusi kama mkaa. Nilizishika mkononi nikawafikiria wanangu wanaolala chumba cha pili kutoka jikoni. Koili ya chini imekatika, mita haikuonyesha kitu. Ya juu ni omu 29 na nzima. Pleti ndogo ina uhai, swichi yake ndiyo imeungua. Koili anayo ya kufaa, swichi hajaipata. Waya wa ethi upo mpaka kwenye soketi, lakini nje hakuiona nguzo ya shaba inayozamishwa ardhini kuungia waya huo, na amesema atarudi kulichunguza hilo.

Waya mpya na swichi kubwa ametaka pesa zaidi kuliko koili. Mume wangu anasema pesa hiyo iongezwe kwenye jiko la gesi lenye oveni ya umeme. Mimi nalihurumia jiko langu, maana oveni yake ni pana na sinia zangu kubwa mbili zinaingia pamoja. Yale ya dukani nimeyapima kwa kipande cha uzi, na sinia moja tu ndiyo inayoingia. Oda za kesho nitapika kwa shangazi, Kiembesamaki.

MkaaziMichenzani

Samahani kwa kuingilia. Langu linafanana, ila mimi koili zote zinawaka. Nilikuwa safarini msimu wote wa masika, na niliporudi kila nikiwasha oveni breka kubwa inashuka na nyumba nzima inazima. Pleti hazina tatizo. Ninunue koili, au jiko zima?

FundiMlandege

Usinunue kitu bado. Koili ndani imejazwa unga mweupe unaotenganisha waya na ganda la chuma, na unga huo hunyonya unyevu jiko likikaa bila ya kutumika, hasa masika. Umeme kidogo unavuja kwenda kwenye ganda, na breka ya kuzuia uvujaji inashuka, kama ilivyowekewa. Breka hiyo usiiondoe njiani hata mtu akikushauri. Koili itolewe, ikaushwe kwa joto la taratibu, kisha ipimwe kwa mita ya volti 500, ile mafundi wanayoiita mega, kwa sababu mita ya kawaida haiuoni uvujaji huo. Lakini tuelezee kwanza: breka inashuka papo hapo unapowasha, au baada ya dakika kadhaa? Na kibao cha nyuma kinasemaje?