Saa za kusubiri kushusha mzigo: mnazidaije?

Dereva wa Tela
Ndugu madereva wa masafa marefu, naomba ushauri wenu. Nimeendesha lori la tela kwa miaka sita na sijawahi kuilalamikia barabara. Kinachonichosha ni kusubiri. Wiki iliyopita nilifika ghalani saa 12 asubuhi kama nilivyoagizwa, nikaambiwa nipange foleni, na mzigo ukaanza kushushwa saa 9 alasiri. Kwa kuwa ninalipwa kwa kilomita, saa hizo tisa hazikuniingizia chochote. Kulala nako sikuweza, maana kila foleni iliposogea nililazimika kuwasha injini na kusogea nayo. Je, wenzangu mnazidai vipi saa hizi?

Mkongwe wa Usukani
Pole sana, ndugu yangu. Jambo la kwanza ni ushahidi. Ukifika getini, mwombe karani aandike saa ya kuwasili kwenye hati ya mzigo na kugonga mhuri, kisha ukiondoka aandike saa ya kutoka, kwa sababu bila maandishi hayo ghala litasema ulichelewa. Jambo la pili ni mkataba. Katika usafirishaji wa Marekani, kwa mfano, imezoeleka saa mbili za mwanzo kutotozwa, na baada ya hapo mwenye mzigo hudaiwa. Fedha hizo, hata hivyo, hulipwa kampuni ya usafirishaji, na zisipotajwa katika mkataba wako wewe, huenda usizione kabisa.

Safari Ndefu
Niongeze kwamba hasara haiishii kwenye malipo. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11, lakini zikishapita saa 14 tangu alipoanza kazi haruhusiwi kuendesha tena mpaka apumzike saa 10, na kwa kawaida saa za foleni zimo katika hizo 14. Dereva aliyesubiri kama wewe angebakiwa na saa tano, hata kama hajaendesha sana. Ulaya nako, anayeendesha saa 4 na dakika 30 hudaiwa mapumziko ya dakika 45, na ndani ya mapumziko hayo haruhusiwi kuendesha wala kufanya kazi nyingine. Kusogeza lori kwenye foleni si kupumzika, na inaniuma kusikia mtu aliyekaa ofisini akimwambia dereva kwamba alikuwa na siku nzima ya kulala.

Mpangaji wa Zamu
Niliwahi kupanga zamu za ghala, nami nakiri kwamba malori mengi yalipangiwa kufika saa ileile kwa makusudi, ili wapakuaji wasikae bila kazi. Lori lililosubiri halikutugharimu chochote, na ndiyo maana hakuna aliyeharakisha. Jioni ya kuamkia safari, piga simu uulize ni malori mangapi yamepangiwa saa yako, na umjulishe mwajiri wako jibu kabla hujaondoka.

Dereva wa Tela
Nawashukuru nyote. Nimeusoma mkataba wangu usiku huu, na kusubiri hakutajwi popote. Hati zangu hazina saa ya kuwasili, lakini takografu, yaani kifaa cha lori kinachorekodi mwendo, imehifadhi saa lori liliposimama na saa lilipoondoka, hivyo kesho nitampelekea mwajiri kumbukumbu za safari tatu za mwisho na kumwomba tukubaliane malipo ya kila saa inayozidi mbili.