Wauza samaki wa mapambo, acheni kutuuzia "siklidi mchanganyiko"! Semeni samaki katoka ziwa gani

Wakuu habari za jioni. Leo natoa povu, yamenifika shingoni, na naomba mnaofuga msome mpaka mwisho na nyie mnaouza msome mara mbili.

Hapa Dar ukiingia duka la samaki wa mapambo unakuta tenki moja kubwa limejaa kila rangi, njano, bluu, chungwa, madoadoa, juu wamebandika kikaratasi "siklidi mchanganyiko" bei moja kwa wote. Ukiuliza huyu wa bluu mwenye mistari myeusi ni nani unaambiwa siklidi. Na yule wa njano? Siklidi. Katoka wapi? "Tumeagiza bosi." Basi, elimu imeishia hapo. Jamani, siklidi ni ukoo mzima wa samaki: sato ni siklidi, perege ni siklidi, furu wa Mwanza ni siklidi, kuhe wa Kigoma ambaye ndio mkubwa kuliko siklidi wote wa maziwa yetu naye ni siklidi, na Oska wa mto Amazoni ni siklidi vilevile. Ukimwambia mteja neno hilo peke yake hujamwambia kitu, umemchukulia hela tu.

Kilichoniwasha ni mpwa wangu. Mtoto wa watu kadunduliza hela yake miezi na miezi, akaenda duka moja (silitaji), akanunua tenki la lita 60. Muuzaji akampakilia humo duboisi wadogo, mbuna (siklidi wa miamba ya Ziwa Nyasa) wa njano na wa bluu, Oska mmoja mdogo na goldifishi wawili wa kupendezesha. Juu yake akamuuzia hita, chupa ya dawa ya maji na mkebe wa minyoo myekundu iliyokaushwa ndio chakula cha wote hao. Akamwambia weka maji leo, mimina dawa, samaki waingie leo leo, na usiogope udogo wa tenki maana samaki anakua kulingana na nyumba yake. Dogo kafuata kila neno. Wiki haijaisha duboisi wakaanza kuvimba matumbo na kujibanza kona, wakafa mmoja mmoja, mbuna wakawa wanatafunana mapezi, karudi dukani kuuliza kajibiwa "mdogo wangu hujui kufuga". Hujui kufuga!! Yaani wewe uliyempakilia samaki wa mabara matatu kwenye maji mamoja ndio unajua?

Sasa ngoja niseme kwa nini nasema umempiga, sio bahati mbaya.

Duboisi ni wa Ziwa Tanganyika. Yupo Kigoma, yupo Maswa kusini ya Kigoma, na wale wa Maswa wenye mkanda mpana wa njano wanatafutwa Ulaya na Marekani kwa hela ya maana. Akiwa mdogo ni mweusi ana vitone vyeupe mwili mzima ndio maana anauzika haraka, mtu akimuona tu kaisha, lakini akikua vitone vinapotea, kichwa kinageuka bluu na mkanda unatokea. Huyu kutwa kuchwa kazi yake ni kukwangua utando wa kijani unaoota kwenye mawe, utumbo wake mrefu sana kwa sababu chakula chenyewe hafifu inabidi kikae muda kimeng'enywe. Ukimpa minyoo au moyo wa ng'ombe utumbo unavurugika, anavimba, anagoma kula, anatoa kinyesi cheupe chembamba, na ukishayaona hayo mara nyingi umeshachelewa. Kila mfugaji wa Tanganyika analijua hili, ni somo la kwanza kabisa. Muuzaji anayekupa duboisi mkono wa kulia na mkebe wa minyoo mkono wa kushoto amekuuzia samaki pamoja na sumu yake.

Halafu maji. Ziwa Tanganyika maji yake ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH (kipimo cha asidi ya maji) inapanda mpaka karibu 9, Nyasa iko chini kidogo, kama 7.8 mpaka 8.6, Oska kwao Amazoni maji ni laini yana asidi, chini ya 7. Hebu niambieni hilo tenki la lita 60 pH iwe ngapi ili wote wafurahi? Haipo hiyo namba. Na Oska huyo anafika sentimita 30, wakati tenki la lita 60 upana wake kwa kawaida ni hizo hizo sentimita 30, sasa akikua atageukia wapi? Hiyo habari ya samaki kukua kulingana na tenki ni uongo na naomba ife kabisa. Samaki anadumaa kwa sababu maji yamejaa uchafu wake mwenyewe na hana pa kuogelea, kudumaa ni kuumia, anaishi vibaya na anakufa mapema.

Na hita! Kwa joto la Dar, ambapo tenki lisilo na kitu chochote mwezi wa pili linasoma 30 na zaidi, unamuuzia mtu hita ya nini? Maziwa yetu yanacheza kwenye 24 mpaka 27 hivi. Maji yakichemka hewa inapungua, kwa hiyo mtu wa Dar anahitaji pampu ya hewa nzuri na feni ya kupuliza juu ya maji, na akipata ile pampu ya betri ya kumwokoa umeme ukikatika usiku atashukuru. Hita wauzieni watu wa Mbeya, Njombe na Arusha, huko wanaihitaji kweli.

Kuhusu kuweka maji na samaki siku moja nitasema kwa kifupi kwa sababu limeshasemwa sana humu. Samaki anatoa amonia, amonia inaua, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti ambayo nayo inaua, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali huo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawatoki hewani siku moja, wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa kwenye filta. Na hapa kwenye siklidi wa Afrika ndio pabaya zaidi maana pH ikiwa juu amonia ile ile inakuwa kali zaidi, kwa hiyo mtu anayekwambia mwaga magadi soda upandishe pH siku hiyo hiyo kwenye tenki jipya lenye samaki anakumalizia kazi.

Tuje kwenye mbuna. Kuna huu ujinga wa "chukua wawili wawili, dume na jike". Mbuna hawaishi kama mume na mke. Dume anashika jiwe lake, analilinda, anataka majike kadhaa, ukimpa mmoja tu atamkimbiza usiku na mchana mpaka amuue kwa uchovu. Demasoni ndio usiseme. Huyo ni wa kwetu kabisa, anatoka miamba ya Pombo upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, kadogo, bluu na mistari myeusi, mzuri hamna mfano, lakini ukiweka watatu baada ya muda utabaki na mmoja. Ama unaweka kundi kumi na mbili kwenda juu ili ugomvi ugawanyike, ama unaweka mmoja peke yake kati ya mbuna wasiofanana naye, na tenki lianzie lita 200 na mawe yamepangwa mengi yenye mapango. Dukani anauzwa wawili kwenye mfuko wa nailoni kwa mtu mwenye tenki la mezani.

Kingine hiki kilimkuta jirani yangu hapa, mama mmoja mstaarabu sana. Jike wake wa mbuna kaacha kula, koo limejaa, anajitenga. Kapiga picha kapeleka dukani, kaambiwa ana uvimbe, kauziwa dawa. Mama wa watu anamimina dawa, kumbe samaki ana mayai mdomoni! Mbuna jike anabeba mayai na watoto mdomoni kama wiki tatu bila kula, ndio maumbile yake, hata Tropheus wa Tanganyika, jamii ya kina duboisi, naye anabeba mdomoni. Mtu anauza mbuna kila siku na hajui wanavyozaa, na ana ujasiri wa kuuza dawa.

Sijamaliza. Rangi. Ukiona tenki zima la pikoki wa Nyasa wadogo wa sentimita nne au tano na wote wanawaka bluu na wekundu, kimbia. Jike wa pikoki kwa asili ana rangi ya kijivu na hudhurungi, na dume mdogo bado hajavaa rangi. Wakiwaka wote hivyo wamelishwa homoni, ukifika nao nyumbani rangi inachujuka na dume wengine hata uzazi ni shida. Halafu kuna machotara, pikoki kachanganywa na mbuna wanauzwa kama samaki wa ziwani, kuna paroti mwekundu ambaye ni chotara wa kutengenezwa Taiwan, mdomo wake haufungi vizuri, na wengine wanatiwa rangi kwa makusudi. Anayetaka chotara anunue ni hela yake, lakini aambiwe! Kumuuzia mtu chotara kwa jina la samaki wa Nyasa ni wizi.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni hiki. Tanzania inagusa maziwa yote matatu, Tanganyika, Nyasa na Victoria, na dunia nzima ya wafugaji wa siklidi wa Afrika inaangalia maziwa haya. Kuna furu mmoja wa Ziwa Victoria, dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi, wataalamu mwaka 1985 walimpa jina nyererei kwa heshima ya Mwalimu. Wazungu wanamfuga sebuleni na wanalijua jina hilo vizuri. Ingia duka lolote hapa mjini muulize muuzaji, anakukodolea macho. Na furu ndio waliolika na sangara baada ya kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 60, ilipofika miaka ya 1980 spishi nyingi mno zilikuwa zimetoweka, na nyingine hazikupata hata jina. Ndio maana nakuwa mkali mtu akisema akichoka na samaki wake atawamwaga mtoni au ziwani. Usimwage! Chotara wako au Oska wako hana kazi ziwani, mpe mfugaji mwingine.

Wauzaji, siwaombi makubwa. Kila tenki andikeni vitu vitatu: ziwa au mto aliotoka, urefu akishakua, anakula nini. Kama hamjui msimuuze mpaka mjue. Mteja akija na tenki la lita 60 msimpe Oska wala frontosa, ambaye naye anafika sentimita 30 na akikua anameza wenzie wadogo usiku, mpeni multifasiatusi wa Tanganyika, kasamaki ka sentimita nne hivi kanakoishi ndani ya magamba ya konokono, unaweka mchanga na magamba matupu mengi kanajichimbia chenyewe, kanazaa humo humo na watoto wanakaa na wakubwa. Hela mtaipata ile ile na mteja atarudi kwa sababu samaki wake wako hai.

Na wanunuzi, kabla ya samaki pimeni maji yenu. Maji ya visima vingi huku Dar ni magumu, ukifua sabuni haitoi povu, hayo kwa mbuna na Tanganyika yanaweza kukufaa kuliko mnavyodhani ila angalia kwanza yasiwe na chumvi nyingi ya bahari. Maji ya bomba yaache yakae na pampu ikipiga usiku mzima klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa.

Dogo kabakiwa na mbuna wa njano na Oska. Oska nimemtafutia mtu mwenye tenki kubwa. Sasa nataka kumpatia duboisi wa kweli, kundi, siyo vipande viwili vya kwenye mfuko, tenki kubwa linazungushwa maji bakteria wajae tangu mwezi uliopita. Mwenye kumjua muuzaji anayeweza kusema samaki wake kavuliwa wapi au kazalishwa na nani, aandike tu yuko mji gani hapo chini, akiwa Kigoma au Kyela nitamfuata.