Shoga yangu mzazi analia kila jioni, nimsaidieje bila kuonekana naingilia nyumba ya watu?

Mama wa Fuoni

Asalaam aleykum. Naomba ushauri kwa wanawake wenzangu, na kina baba pia kama wana la kusema.

Nina shoga yangu, jirani ukuta kwa ukuta. Kwao Wete, kaolewa huku Unguja. Amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, mzima wa afya, wiki ijayo anatimiza wiki 6. Mamake alikuja kumlea uzazi na hakubakisha kitu: alimkanda, alimfunga mkaja, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, udi chumbani. Lakini huko kwao karafuu zimekomaa, na karafuu haingoji mtu. Ikichanua mtini haina tena bei, na mikarafuu ile ndiyo riziki yao ya mwaka mzima. Bi mkubwa akarudi Pemba kabla arubaini haijesha. Mume anafanya kazi hotelini Nungwi, anarudi siku moja kwa wiki.

Tangu mamake aondoke, shoga yangu si yule. Ukibisha hodi anafungua, anakukaribisha, lakini uso hauna kitu. Akimpakata mtoto anatazama ukutani. Ikiingia magharibi anaanza kulia, ukimuuliza ana nini anasema hajui. Anarudia neno moja tu: "Mie sina maziwa, mwanangu ananyonya hewa." Na huku namuona kanga yake imelowa kifuani, maziwa yanamtona yenyewe. Juzi nilinusa wali unaungua, nikaingia. Mtoto analia juu ya mkeka, yeye kakaa pembeni yake, mikono iko mapajani. Nikazima jiko, nikamchukua mtoto. Hakusema kitu.

Na mimi nina mtoto anayetambaa, nyumba yangu inanidai. Lakini siwezi kukaa upande wa pili wa ukuta nikawa namsikia tu. Wakwe zake wanasema anadeka. Nianzie wapi?

Mama Watatu

Waaleykum salaam. Shoga, usijitie hofu. Mzazi wa kwanza analia, ndiyo kawaida yake. Mie nililia siku ya nne maziwa yalipoingia, nikapoa. Mpelekee supu ya pweza, maziwa yatakuja. Yakikataa, anunuliwe maziwa ya kopo, mtoto ashibe na yeye alale.

Nesi wa Uzazi

Mama Watatu, kilio chako cha siku ya nne ni kitu kingine. Kile huwapata wazazi wengi na hukatika chenyewe ndani ya wiki 2. Huyu yuko karibu na wiki ya 6 na hali inazidi. Kwa dalili hizi, inaelekea ni sonona ya baada ya kujifungua. Ni maradhi, yanatibika, na hayana uhusiano wowote na kudeka.

Kuhusu maziwa, mtu ambaye kanga yake inalowa anayo. Tazameni nepi: mtoto wa umri huo akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, anashiba. Mwonyeshe kadi hiyo mwenyewe, aione kwa macho yake. Kinachozidisha maziwa ni kunyonywa, mara 8 hadi 12 usiku na mchana. Pweza anywe supu yake, ni chakula kizuri kwa mzazi, ila titi linamsikiliza mtoto. Kopo likiingia, titi linanyonywa kidogo. Likinyonywa kidogo linatoa kidogo. Hapo ndipo ataamini kweli hana. Kaa naye uangalie mtoto anavyoshika: mdomo uwe wazi sana, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi uingie mdomoni, si chuchu peke yake. Na maji asipewe, hata joto liwe vipi, mpaka miezi 6.

Leo hii fanya jambo moja. Muulize waziwazi, mkiwa wawili tu, kama anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, au ukiona anasikia sauti ambazo nyinyi hamzisikii, au anasema mambo yasiyoeleweka, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe spitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Mwanangu, Mungu akuweke kwa kumuona mwenzio. Zamani arubaini ilikuwa kazi ya watu wengi. Mzazi alikuwa na mama, shangazi, somo yake, na majirani wanaingia na kutoka. Yeye kazi yake ilikuwa kunyonyesha na kulala. Huyo binti kaachiwa kazi ya watu wanane.

Usimuulize "nikusaidie nini?" Atakwambia hapana, kwa haya. Ingia, chukua beseni la nepi, toka nalo uani ufue. Mkogeshe mtoto mbele yake kisha mpe ampakate akiwa msafi. Na chakula usimpelekee kwenye sahani yako nzuri. Kwetu sahani hairudi tupu, atakaa awaze atie nini ndani wakati hana hata nguvu ya kusonga ugali. Tia kwenye kopo lisilo na mwenyewe, mwambie litupwe.

Na kitu kingine: jiko la makaa lisiingizwe chumbani wakajifungia nalo, hata kwa kumfukiza mzazi. Hewa yake ya sumu haionekani, nayo inaua watu usingizini.

Mtoto wa Wete

Naijua hali hiyo kwa mwili wangu. Kwetu Pemba walisema nina shetani, wengine wakasema kijicho cha mtu. Nikasomewa, na kisomo kilinituliza, sikikatai. Lakini usingizi haukurudi, wala sikumpenda mwanangu nilivyotarajia, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana huwezi kumwambia mtu. Aliyeninyanyua ni dada yangu. Hakunihutubia. Alikuja akalala chumbani kwangu, akawa ananiletea mtoto ninyonyeshe kisha anamchukua tena.

Mwishowe nilipelekwa spitali, nikazungumza na mtaalamu, nikapewa dawa ambayo nilielezwa haimzuii mtu kunyonyesha. Nilikuwa naogopa kwa sababu huku ukitaja maradhi ya akili, watu akili yao inakwenda moja kwa moja Kidongo Chekundu, spitali ya wagonjwa wa akili. Mwambie shoga yako hivi: kuzungumza na daktari si kufungiwa. Na usimwambie "shukuru Mungu, wengine hawajapata mtoto." Mie niliambiwa sana neno hilo, na kila nikiambiwa nilizidi kujiona mbaya.

Mama Watatu

Nimesoma yote. Nesi, nimekuelewa. Mama wa Fuoni, nakuandikia faraghani.

Baba wa Jang'ombe

Naomba niseme na upande wetu. Huyo mume aambiwe, tena aambiwe na mtu atakayemsikiliza, babake au imamu wa msikiti wao, asiambiwe kwa njia ya lawama. Watu wanaisoma aya ya 233 ya Suratul Baqara kwa ajili ya miaka miwili ya kunyonyesha, lakini aya hiyo hiyo inamtaja baba: chakula na mavazi yao ni juu yake, kwa wema. Kwa wema, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nafanya kazi Kiwengwa mke wangu alipojifungua. Niliomba nibadilishiwe zamu, meneja akakubali nirudi usiku mmoja zaidi kwa wiki. Aombe. Na siku anayorudi, usiku ule mtoto awe wake: nepi, kumbembeleza, kumweka begani acheue. Mama aamke kwa kunyonyesha tu.

Nesi wa Uzazi

Nimekumbuka: wiki ya 6 mtoto ana chanjo, na mama mwenyewe anatakiwa kuangaliwa. Hiyo ndiyo njia yako, Mama wa Fuoni. Humpeleki "kutibiwa akili", mnakwenda kliniki kama wazazi wote, nawe umembebea mtoto. Mkifika, mwombe ruhusa umwambie muuguzi ulichokiona, maana yeye akiulizwa "hujambo?" atajibu "sijambo" na kuondoka. Kama shehia yenu ina mhudumu wa afya wa jamii, mwombe apite nyumbani.

Mama wa Fuoni

Ahsanteni nyote, nawapa habari.

Nilimuuliza lile swali tukiwa tunakunja nepi. Alinyamaza muda, akasema hapana, ila anaogopa kubaki peke yake na mtoto usiku, anaona kama atashindwa kumuamsha akiacha kupumua. Wifi yake mdogo sasa analala naye. Mama mkwe alikubali baada ya mzee wa Makunduchi aliyemo humu kuzungumza naye kwa simu, Mungu ambariki.

Chanjo tumekwenda. Mtoto kapanda uzito vizuri, na muuguzi alimkalisha mama chumba cha peke yake wakazungumza kirefu, kisha akampangia aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Tuliporudi aliitoa kadi mkobani, akautazama ule mstari wa uzito, akaniuliza: "Kwa hiyo anashiba?" Nikamwambia ndiyo.

Bado analia baadhi ya jioni. Mume kapewa usiku wa pili wa kurudi nyumbani. Nguo nafua mie Jumatatu na Alhamisi, na Mama Watatu, kumbe yuko Mwanakwerekwe hapa hapa, anapika Jumamosi. Jumatano haina mtu. Aliye karibu na Fuoni aniandikie.

Mtoto wa Wete

Mie niko Tomondo. Jumatano niwekee.