Kiwanja kilikuwa na godauni la dawa za pamba, naweza kulima?

mama_kulwa
Habari wakuu. Nimenunua kiwanja huku Magu, zamani palikuwa godauni la dawa za pamba, bati walishang'oa imebaki sakafu. Mvua ikinyesha kuna kona inatoa harufu kali ya dawa na nyasi hazioti kabisa, ila pembeni yake maboga yamestawi mno na kuku wanashinda wanaparua hapohapo. Jirani anasema miaka ishirini imepita sumu imeshaisha. Nina mjukuu anatambaa, roho haijatulia.

mzee_wa_kinu
Pole mama. Mimi nilikuwa kibarua wa kupakua mizigo kwenye godauni kama hilo, mapipa yakioza yanavuja chini, unga uliomwagika tunafagia tunatupa nje ya mlango mana hakuna aliyetuambia kitu. Nahisi hiyo kona ndo ulikuwa mlango.

udongo_tu
Jirani amekosea. DDT, moja ya dawa za kuua wadudu zilizotumika zamani kwenye pamba, ikiwa udongoni inaweza kuchukua hata miaka 15 kupungua nusu tu, na ikivunjika inageuka DDE ambayo nayo haiishi leo wala kesho. Pale Vikuge Kibaha zililetwa dawa za msaada toka Ugiriki mwaka 1986, watafiti walivyokuja kupima udongo miaka mingi baadae bado ulikuwa umejaa DDT.

Halafu maboga kustawi kusikudanganye, jamii ya maboga mizizi yake inavuta DDT kuliko mazao mengi. Na kuku wanaodonoa huo udongo sumu inaenda kwenye kiini cha yai maana inapenda mafuta. Fungia kuku leo, mayai acheni kula, mtoto asifike hapo kabisa.

mama_kulwa
Mungu wangu, mayai ndo nampikia kila asubuhi. Je nikichimba huo udongo nikaumwage bondeni?

udongo_tu
Hapana mama, usichimbe wala usichome moto! Bonde linashusha maji ziwani, sumu inaishia kwenye samaki tunaokula wote. Funika kwa turubai, zungushia uzio, mwite mtu wa Mkemia Mkuu wa Serikali ofisi ya kanda hapo Mwanza au TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ile TPRI ya zamani) wakueleze jinsi ya kuchukua sampuli. Udongo unawekwa kwenye chupa ya kioo sio mfuko wa plastiki, na usichanganye wa kwenye kona na wa sehemu nyingine.

mzee_wa_kinu
Na mtoto mpelekeni kliniki, mwelezeni daktari habari ya godauni msifiche.

mama_kulwa
Wabeja sana. Kuku nimeshafungia, kesho asubuhi napanda gari la Mwanza.